Siku ya Tatu Yai Hupasuka

Kiwavijeshi vamizi aliletwa na safari za watu. Kinachompa makazi Shinyanga ni mvua isiyotimiza ahadi.

Ukitoka Shinyanga mjini kuelekea Ibadakuli mwezi wa Januari, mvua ikiwa imekatika wiki mbili, mashamba hukueleza hali kabla hujamsalimia mtu. Mahindi hayalingani. Huku yanafika kifuani. Hayo yaliwahi mvua ya kwanza ya Novemba na yakabahatika. Pale yanafika magotini; mwenyewe alipanda, mbegu ikafia ardhini, akarudia Desemba. Kule mbele ni miche ya majani manne, ya yule aliyepanda mara ya tatu kwa mbegu ya kukopa. Mashamba matatu yanayopakana, na kila moja lina msimu wake.

Chuchumaa kwenye lile la magotini. Majani ya pembeni yana madoa meupe yanayopitisha mwanga kama karatasi iliyodondokewa mafuta. Hapo kiwavi alikwangua nyama ya jani akiwa bado mchanga, akaacha ngozi ya upande mmoja. Majani ya katikati yana matundu yaliyojipanga mstari. Yapanue, utakuta vumbi bichi la kahawia linalofanana na unga wa mbao chini ya msumeno. Hicho ni kinyesi. Chini yake amejilaza mwenye nyumba, kiwavi wa sentimita tatu, usoni ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana nukta nne zilizokaa kama pembe za mraba.

Wengi wanaijua Ibadakuli kwa uwanja wa ndege. Kiwavi huyu naye ana historia ya safari. Asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika, na wataalamu wanaamini alivuka Bahari ya Atlantiki ndani ya vyombo vya binadamu, kwenye mizigo ya ndege au ya meli. Tangu atue Afrika hahitaji tiketi tena. Nondo wake, akipata upepo mzuri, huruka hadi kilomita 100 kwa usiku mmoja. Kutoka Kahama mpaka Ibadakuli, ukipima angani, ni takriban kilomita 100. Kutoka Geita ni safari ya usiku mbili. Anapita juu ya migodi, juu ya malori ya Isaka, juu ya reli, na hakuna kizuizi cha barabarani kinachomsimamisha.

Swali la makala hii si namna alivyofika. Alifika, na hatarudi. Swali ni kwa nini amestarehe, na mabadiliko ya tabianchi yana mkono gani katika starehe yake.

Mgeni asiyeshika jembe

Afrika ilimtambua kiwavijeshi vamizi mapema mwaka 2016, Afrika Magharibi, Nigeria ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza kutoa taarifa. Mwaka uliofuata alikuwa Tanzania, akianza kuripotiwa mkoani Rukwa. Mwaka 2018 aliripotiwa India, Januari 2019 China, na mwanzoni mwa 2020 Australia. Miaka minne tu, na amezunguka nusu ya dunia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa huyu, siku ya tatu ndipo yai hupasuka. Nondo jike hutaga mayai kwa mafungu, akiyafunika kwa manyoya mepesi kama ukungu, na katika uhai wake mfupi anaweza kutaga zaidi ya mayai 1,000. Penye joto, mayai huanguliwa kwa siku mbili au tatu. Viwavi wachanga hujitundika kwa nyuzi kama za buibui, upepo ukawagawa kwenye mimea ya jirani. Kiwavi hula wiki mbili hadi tatu, akijivua ngozi na kukua, kisha huteremka ardhini, akajizika sentimita chache na kugeuka pupa. Siku chache baadaye nondo anatoka, naye anatafuta mahindi mengine.

Wazee wa Usukuma wanamjua kiwavijeshi mwingine, yule mwenyeji. Yeye huja kwa majeshi, hasa mvua kubwa inaponyesha baada ya ukame, hufyeka majani ya malisho na nafaka kwa siku chache, halafu huondoka. Kuna misimu haonekani kabisa. Tanzania imekuwa ikimtega nondo wake kwa mitego ya harufu kwa miongo mingi ili kutabiri ujio wake. Huyu mgeni hana msafara wala siku ya kuondoka. Anaishi nasi mwaka mzima, mmoja mmoja, kila mhindi na kiwavi wake, kwa kuwa wakubwa wao hulana wakibanana. Ndiyo maana shamba linaweza kuliwa wiki nzima na mwenyewe akadhani ni upungufu wa mbolea.

Mwaka 2017 shirika la utafiti la CABI lilikadiria kwamba, bila udhibiti, nchi 12 za Afrika zinazolima mahindi zingeweza kupoteza kati ya tani milioni 8.3 na milioni 20.6 kwa mwaka. Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi hizo.

Tulishaonywa Tabora

Kabla hatujaenda mbali, turudi nyuma kidogo, tena hapa jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wakulima wa Tabora walianza kuona mahindi yao ghalani yakigeuka unga yangali kwenye magunzi. Mdudu alikuwa mdogo, mweusi, umbo la silinda, ametoboa punje hadi gunzi. Mwaka 1981 alitambuliwa rasmi: dumuzi mkubwa, mwenyeji wa Meksiko na Amerika ya Kati, ambaye hakuwahi kuonekana Afrika. Inaaminika aliingia na nafaka iliyoagizwa kutoka nje.

Vipimo vya Tabora miaka hiyo vilionyesha kwamba ndani ya miezi mitatu hadi sita ghala moja liliweza kupoteza hadi asilimia 34 ya uzito wa mahindi. Fikiria gunia la kilo 100: kilo 34 zimekuwa vumbi, na zilizobaki zina matundu. Dumuzi hakuishia kwenye mahindi. Aliingia kwenye makopa ya muhogo, chakula kilichokuwa akiba ya mwisho mvua inapogoma.

Kisha alifuata biashara. Mwaka 1983 alikuwa Taveta, Kenya. Mwaka 1984 Burundi. Alisafiri ndani ya magunia, kituo hadi kituo, soko hadi soko. Wakenya wa magharibi baadaye walimpa jina la Osama. Na walipojaribu kummaliza ghalani waligundua ana nyumba ya pili: huishi pia kwenye miti mikavu porini, kwa hiyo ukisafisha kihenge chako leo, msitu unakuletea wengine kesho.

Kisa hiki kina mambo mawili ya kushika. La kwanza, mdudu vamizi huletwa na watu. Joto halimvushi bahari. La pili, ukavu haukumzuia. Wadudu wengi wa ghalani hushindwa kuzaliana kwenye nafaka iliyokauka sana. Dumuzi huendelea hata punje ikibaki na unyevu wa asilimia 9 hivi. Joto analolipenda zaidi ni karibu nyuzi 32. Alipokuja ukanda wa Tabora na Shinyanga alikuta pamefanana na kwao.

Baada yake foleni iliendelea. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya na Tanzania, akawatia hasara wakulima wa maembe. Mwaka 2014 nondo wa nyanya kutoka Amerika Kusini aliingia kaskazini mwa nchi, na wakulima wakambatiza Kantangaze, jina linalojieleza: nenda ukanitangaze. Miaka mitatu baadaye akaja kiwavijeshi vamizi.

Joto linafanya nini hasa

Mdudu hana moto wake wa ndani kama sisi. Joto la mwili wake ni joto la mahali alipo. Pakiwa na baridi, kila kitu ndani yake huenda taratibu: kula, kukua, kuzaa. Pakiwa na joto, saa yake hukimbia.

Watafiti wa Afrika Kusini walimlea kiwavijeshi vamizi katika vyumba vya joto tofauti na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Kwenye nyuzi 18 za Selsiasi, safari ya yai hadi nondo ilichukua siku 71. Kwenye nyuzi 32 ilichukua siku 20. Chini ya nyuzi 12 au 13 hivi, ukuaji husimama. Sasa piga hesabu ya msimu wa mahindi wa siku 120. Penye nyuzi 18 mdudu hamalizi vizazi viwili. Penye nyuzi 32 anaweza kufikisha sita, na kila nondo jike wa kila kizazi ana mayai yake 1,000.

Kwa hesabu hiyo, wanaopaswa kuogopa joto jipya kwanza ni watu wa nyanda za juu. Njombe, Makete, miteremko ya Usambara na Kilimanjaro zilikuwa na askari wa bure, usiku wa baridi. Nyuzi moja au mbili zikiongezeka, askari huyo anapunguziwa zamu. Tumeshaona mfano wa namna hiyo kwa funza wa bua kutoka Asia. Alipoingia Afrika Mashariki katikati ya karne iliyopita alishika mabondeni na pwani, baadaye akaonekana akipanda hadi sehemu za mwinuko zilizokuwa za funza mwenyeji.

Dunia kwa jumla inaelekea huko. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, takriban nyuzi 1.55 juu ya wastani wa kabla ya zama za viwanda. Mwaka 2018 kundi la wanasayansi wakiongozwa na Curtis Deutsch wa Marekani lilikadiria kuwa kila nyuzi moja inayoongezeka itakuza hasara ya wadudu kwenye ngano, mpunga na mahindi kwa asilimia 10 hadi 25. Lakini msomaji wa Shinyanga asome matokeo hayo hadi mwisho. Ongezeko kubwa walilolitabiri ni la nchi za baridi kiasi. Kwetu, wadudu wengi tayari wako karibu na joto linalowafaa, na likizidi sana huwaumiza wao pia.

Mchana wa Shinyanga hucheza karibu na nyuzi 30 mwaka mzima. Kiwavijeshi hakusubiri mabadiliko ya tabianchi ili aweze kuishi Ibadakuli. Joto lilikuwa tayari. Kwa hiyo anayesema mdudu huyu yupo hapa kwa sababu dunia imepata joto anasema nusu ya habari. Nusu ya pili, iliyo nzito zaidi, iko kwenye mvua.

Mvua ilikuwa dawa, na ilikuwa kalenda

Shinyanga ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili au mwanzo wa Mei, na baada yake kiangazi kirefu. Katikati, Januari au Februari, mvua hupumzika kidogo. Hayo si mageni; babu zetu walipanga mtama na uwele kwa kuyajua. Ugeni ni pale mapumziko yanapogeuka likizo, na mvua inaporudi kwa hasira, kuleta kwa siku moja kiasi ambacho kingetosha wiki mbili.

Fizikia yake si ngumu. Hewa ikipata joto la nyuzi moja zaidi, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa takriban asilimia 7. Inafyonza maji zaidi kutoka ardhini na kwenye majani wakati wa jua, na inapoyaachia, huyaachia kwa wingi. Ukame mkali na mafuriko ni watoto wa mama mmoja.

Kwa kiwavijeshi, mvua ina kazi mbili. Ya kwanza ni ya moja kwa moja. Mvua nzito huyapangusa mayai kwenye majani, huwaangusha viwavi wachanga, na hujaza maji kwenye moyo wa mhindi wakafa humo. Unyevu huleta pia magonjwa ya ukungu yanayowaua viwavi. Wakulima wengi wameona wenyewe: mvua ikinyesha mfululizo, mahindi hupona na kukimbia, ikikatika, kiwavi hupata nafasi, tena wakati huo mhindi mwenyewe umedumaa kwa kiu na hauna nguvu ya kutoa majani mapya. Mdudu na ukame hugawana kazi.

Kazi ya pili haionekani haraka, nayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa. Mvua ilikuwa kalenda ya kijiji. Iliponyesha ile ya kupandia, kila mtu alishika jembe wiki ileile. Mahindi ya kijiji kizima yalikuwa marefu kwa pamoja, yakachanua kwa pamoja, yakakauka kwa pamoja. Mdudu aliyetaka majani machanga aliyapata kwa wiki tano au sita tu, kisha meza ikaondolewa kijiji kizima.

Sasa rudi kwenye yale mashamba matatu ya Ibadakuli. Nondo aliyezaliwa kwenye mahindi ya kifuani, ambayo majani yake yamekomaa, hana haja ya kuruka hadi Kahama. Ng'ambo ya mpaka kuna mahindi ya magotini. Watoto wake wakikua, ya majani manne yatakuwa yamefika magotini. Aliyepanda wa tatu, ambaye ndiye maskini kuliko wote, anapokea kizazi cha tatu, kilicho kikubwa kuliko vyote. Kisha mvua zikiisha, bustani za umwagiliaji za bondeni zinampa mdudu daraja la kuvukia kiangazi hadi Novemba.

Ndiyo maana nasema mabadiliko ya tabianchi hayakumpa kiwavijeshi joto tu. Yameivunja kalenda yetu, na yeye anaishi kwenye nyufa zake.

Chakula chenyewe nacho kimebadilika. Usukuma ya mtama, uwele na michembe imekuwa Usukuma ya sembe. Mtama ulihitaji watoto wa kuamia kwelea kwelea, na watoto wako shuleni. Mahindi ni matamu, yana soko, na mnunuzi wa Kahama au Geita anayataka. Kambi za wachimbaji wa dhahabu zinakula ugali wa sembe kila siku. Kiwavijeshi hula mtama pia, lakini mahindi ndiyo anayoyapenda. Tumempikia anachokipenda, tena mmea ule ambao huumizwa na ukame kuliko mtama.

Tufani ya Oman, nzige wa Simanjiro

Kwamba mvua moja isiyo ya kawaida inaweza kuamsha janga mbali kabisa, tulijifunza kwa nzige. Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu mwezi Mei na Luban mwezi Oktoba, viliingia kusini mwa Uarabuni na kumwaga mvua katika jangwa la Rub al Khali, upande wa Oman na mipaka yake. Jangwa likaota majani. Nzige wa jangwani wakazaliana humo kizazi baada ya kizazi bila mtu kuwaona. Walivuka hadi Yemen, kisha Pembe ya Afrika, ambako mvua zisizo za kawaida za mwishoni mwa 2019, zilizochochewa na joto la Bahari ya Hindi, ziliwapa malisho mapya. Kenya iliona makundi ambayo haikuwa imeyaona kwa miaka 70. Mwanzoni mwa 2021 nzige walikuwa Mwanga, Simanjiro na Longido.

Nzige si mvamizi kwa maana ya kiwavijeshi. Ni mwenyeji wa majangwa. Lakini nzige alikuwa na watu wa kumfuatilia, mashirika ya kikanda, ndege za kunyunyizia na ramani zilizotolewa kila wiki. Aliondoka, kwa sehemu, kwa sababu nchi nyingi zilifanya kazi moja kwa wakati mmoja. Kiwavijeshi vamizi, ambaye hasara yake hurudi kila msimu, ameachiwa kila mkulima na bomba lake la mgongoni.

"Bwana shamba, dawa gani?"

Hilo ndilo swali la kwanza ambalo afisa ugani yeyote wa kanda hii huulizwa. Ni swali la haki, lakini jibu lake limewagharimu wengi. Kiwavijeshi vamizi alikuja Afrika akiwa na urithi wa kupambana na sumu. Baadhi ya makundi ya viuatilifu vya zamani yalishapungua makali dhidi yake huko alikotoka. Na hata dawa nzuri humkosa kwa sababu ya muda. Mkulima huona uharibifu kiwavi akiwa mkubwa, amejificha moyoni mwa mhindi chini ya kifuniko cha kinyesi, na dawa inayopuliziwa saa sita mchana hulowesha majani ya nje tu. Jioni au alfajiri anapotoka kula, bomba limeshaoshwa na kuning'inizwa.

Baya zaidi, sumu humkuta kwa urahisi adui wa adui. Kuna nyigu wadogo kuliko punje ya ulezi wanaotaga mayai ndani ya mayai ya kiwavijeshi, na wengine ndani ya kiwavi mwenyewe. Watafiti wamewakuta wakimshambulia mgeni huyu katika mashamba ya Tanzania, Kenya na Ethiopia. Hawa hawakuagizwa, ni wenyeji waliojifunza chakula kipya. Siafu, buibui na ndege nao wana sehemu yao. Afrika Mashariki ina ushahidi kwamba wadudu rafiki huweza kubadili vita. Mwaka 1993 kituo cha icipe cha Nairobi kiliachia pwani ya Kenya nyigu kutoka Pakistani ili amdhibiti yule funza wa bua wa Asia, na nyigu akashika makazi hadi nchi jirani.

Lakini nyigu anahitaji mahali pa kuishi mahindi yakishavunwa. Hapa Shinyanga ina historia inayouma na inayotia moyo. Wakati wa ukoloni, misitu ilifyekwa ili kumfukuza mbung'o. Kituo cha utafiti wake kilikuwa hapahapa jirani, Old Shinyanga, chini ya Mwingereza Charles Swynnerton. Pamba, mifugo na vijiji vya miaka ya 1970 vikamaliza kazi. Mwaka 1986 ilipoanza HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, mkoa ulikuwa ukielekea jangwa. Kilichouokoa hakikuwa kigeni, ilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho lipumzike. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa miti na majani. Tulihesabu faida yake kwa kuni, malisho, asali na dawa. Tuanze kuihesabu pia kama bweni la nyigu na ndege.

Pamba inatufundisha kalenda

Tunayo silaha nyingine ambayo tumeisahau kwa kuwa ilikuwa ya zao jingine. Kwa miongo mingi, kilimo cha pamba kilizuiwa katika mikoa ya kusini mwa Tanzania kwa sababu moja, kumzuia funza mwekundu aliyekuwa akipanda kutoka kusini asifike kwenye pamba ya Kanda ya Ziwa. Mkulima wa kusini alikosa zao hilo la fedha ili mkulima wa Shinyanga, Simiyu na Geita abaki salama. Na huku kwetu sheria inataka kila mkulima ang'oe na kuchoma maotea baada ya mavuno, ili wadudu wakose pa kulala kiangazi. Mmoja akiacha, amewafugia wote.

Huo ndio msimu wa kufunga. Ni kalenda ya pamoja iliyowekwa na binadamu, si na mvua. Kwa pamba tuliielewa kwa sababu kiwanda na serikali vilikuwa na fedha ndani yake. Mahindi tumeyaacha kila mtu na mbingu yake.

Kuirudisha kalenda kwenye mahindi hakuhitaji miujiza. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kila mwaka. Utabiri huo ukifika kijijini ukiwa na tafsiri ya tarehe za kupanda na jina la mbegu ya muda mfupi iliyopo dukani, watu wengi zaidi watapanda ndani ya wiki mbili zilezile. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ina kazi ya kulinda mipaka na kukagua mimea inayoingia. Mlango huo tuuone kuwa wa thamani, maana FAO inakadiria kuwa wadudu na magonjwa ya mimea hula hadi asilimia 40 ya mavuno ya dunia kila mwaka, na wadudu vamizi peke yao hugharimu angalau dola bilioni 70. Mlangoni mdudu ni mmoja, shambani hahesabiki.

Shambani kwenyewe, mambo yanayofaa ni ya mikono na macho. Kupita kwenye mistari mara mbili kwa wiki tangu mche una majani matatu, kugeuza jani na kuponda mafungu ya mayai. Kumwaga majivu au mchanga kwenye moyo wa mhindi kiwavi akiwa mdogo. Kutumia mwarobaini au utupa kabla ya kukimbilia duka la pembejeo. Njia ya vuta-sukuma iliyobuniwa na icipe, ya kupanda desmodiamu kati ya mistari na majani ya malisho pembeni, ilipopimwa maeneo makavu ya Kenya, Uganda na Tanzania ilipunguza viwavi kwa takriban asilimia 83, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018. Inapunguza pia kiduha, na kwa mfugaji wa Kisukuma majani yake ni chakula cha ng'ombe. Ghalani, mifuko isiyopitisha hewa humnyima dumuzi pumzi bila punje moja ya sumu. Na robo ekari ya mtama si aibu.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalomfaa mtu peke yake. Ukiponda mayai yako na jirani asiponde, usiku nondo wake wanakuja kwako.

Mwano

Nchi hii haijawahi kukosa namna ya kufanya jambo pamoja. Sungusungu walizaliwa ukanda huu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe walipokuwa wakiibwa na watu wakiuawa. Dagashida, baraza la jadi, ndilo lililoweka sheria za ngitili na faini za anayelisha ndani yake, na miti ikarudi kwa sababu watu waliliheshimu. Ng'ombe mmoja akichukuliwa usiku Usukumani, mwano, yaani yowe la hatari, hupigwa. Kijiji hiki kinaupokea na kuupeleka kile, na kabla ya alfajiri njia zote zina watu.

Mwezi wa Januari, jioni jua likizama Ibadakuli, nondo wa kijivu huanza kuruka chini chini juu ya mahindi ya rika tatu. Mmoja anatua kwenye jani, anageukia upande wa chini, anataga, anafunika, anaondoka. Ameiba kilo kadhaa za ugali wa mwaka kesho. Mwenye shamba la pili amelala. Mwenye shamba la tatu anawaza pa kukopa mbegu. Hakuna aliyepiga mwano, na siku tatu zimeanza kuhesabika.